Kinyonga Juu ya Jeneza Langu

Jumatatu, 3 Februari 2025

Moyo umetanuka. Daktari amenionyesha picha: kitu cheupe, kinene, kama kibuyu cha togwa. Nisipande ngazi. Nisibebe ndoo. Nisishtuke. Nikamuuliza, nikitii yote hayo nitafika hadi lini. Akavua miwani, akaifuta. Mtu anayefuta miwani safi amekwisha kujibu.

Haidhuru. Nina miaka themanini na miwili. Nimefundisha baiolojia tangu kichwa changu kikiwa na nywele. Moyo ni pampu, na pampu huchakaa. Siogopi kufa. Naandika mara ya pili, nione kama mkono utatetemeka: siogopi kufa.

Ninachoogopa ni mazishi.

Jioni alikuja Saleh kunipa pole. Saleh ni Myao wa Tunduru, dereva mstaafu, jirani yangu hapa Lizaboni. Mimi ni Mngoni, kwa hiyo ni mtani wangu. Wazee wetu walipigana mpaka wakachoka, kisha wakapeana ruhusa ya kutukanana hadi kaburini. Hasa kaburini. Mtani huja msibani akavaa koti la marehemu, akaigiza mwendo wake, akaingia kaburini kulijaribu kama kitanda cha dukani, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Marehemu mwenyewe hana nafasi ya kujibu.

Alichelewa, kwa kuwa huzunguka njia ndefu ili asikatize uwanja wa jirani yetu Otilia, mwenye bata mzinga. Anasema magoti yake yanapenda tambarare. Akaketi, akasema, "Inna lillahi." Nikamwambia bado. Akasema anafanya mazoezi.

Kisha akanisomea ratiba. Ataingia na koti la kahawia. Atahutubia. Ataruka. Na jeneza likishateremshwa, atatupa kinyonga juu yake. Mwalimu akitoka, mazishi yameahirishwa. Asipotoka, basi kweli amekufa, watu wakale.

Binti yangu Noela hakucheka. Aliondoa vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

Sasa ungamo. Padri atazisikia dhambi zangu. Daftari hili lisikie aibu. Mimi, Egidi Mapunda, mwalimu wa baiolojia, ninaogopa vinyonga. Si kidogo. Wanafunzi wangu walimshika kinyonga mkononi kila mwaka, nami nikifundisha nikiwa nimesimama mlangoni, ati nawapa nafasi.

Mwaka wa themanini na saba, siku ya mahafali, nilisimama jukwaani na koti la kahawia nikihutubia juu ya sayansi na ushirikina. Nilikuwa nimefika mahali pa kusema kwamba mtu aliyesoma haogopi kiumbe asiye na sumu. Jukwaa lilikuwa limepambwa kwa matawi. Kinyonga akashuka kwenye tawi, akaweka mguu mmoja juu ya hotuba yangu. Akafikiri. Akaweka wa pili.

Sikumbuki kuruka. Nakumbuka kutua. Nilitua mapajani mwa mke wa mgeni rasmi.

Saleh ndiye aliyewaendesha wageni. Alikuwa dirishani anakula wali. Ameitafuna hadithi hiyo karibu miaka arobaini na bado ina nyama. Leo kabla ya kuondoka amesema, "Ninyi Wangoni mlitoka kusini kabisa kwa miguu, mkimpiga kila mliyemkuta njiani. Leo mmeshindwa na mdudu anayetembea kama bibi harusi."

Nimeamua. Hofu hii nitaitoa kabla pampu haijasimama, na nitaitoa mbele ya Saleh. Mtani hawezi kuigiza jambo ambalo watu wameona kwa macho yao kuwa limekwisha. Nitazikwa kama msomi!

Jumanne, 4 Februari

Nimempigia simu mjukuu wangu Lightness, mtoto wa Noela, anasoma saikolojia Dodoma. Sikusema ni mimi. Nilisema nina rafiki. Akauliza kama ni yule rafiki aliyetua kwa mke wa mgeni rasmi. Saleh amefika hadi Dodoma!

Lakini mtoto anajua kazi yake. Ndani ya ubongo, kila upande, kuna kiini kidogo, umbo lake karibu na la korosho. Ndicho kinachopiga kengele. Hakisubiri ushauri wa msomi. Mwili unaruka kwanza, elimu inafika baadaye ikihema.

Tena hofu haihitaji kuumwa. Unaweza kuifunza kwa kumtazama tu mtu mwingine akiogopa. Nilimkumbuka bibi yangu mzaa mama, mwanamke aliyemfukuza fisi kwa mwiko, akitupa jembe na kukimbia kwa sababu ya kinyonga kwenye mbaazi. Mimi nilikuwa mgongoni mwake. Sikuumwa. Nilibebwa tu.

Nikauliza hofu inafutwaje. Haifutwi, Babu, akasema. Watafiti wanaona kwamba somo la kwanza hubaki. Unachoweza ni kuuandikia ubongo somo la pili juu yake: "Huyu hana madhara." Halafu masomo hayo mawili yanagombana, na unaomba la pili lishinde. Nikasema hivyo ni kama ukuta uliopakwa chokaa juu ya maandishi ya mkaa. Akasema hasa, na mvua ikinyesha maandishi yanarudi.

Sikuyapenda maneno hayo ya mvua. Nimeyaacha.

Njia yenyewe ni hii: sogea kidogo kidogo. Kabla ya kila hatua andika jambo unaloliogopa, kisha ulione halitokei. Ubongo hujifunza pale unapotarajia baya nalo likakosa kuja. Na usishike kitu cha kujikinga, maana ubongo utadhani kilichokuokoa ni hicho. Nikasema ninashika fimbo. Akasema niiweke chini. Nikasema nikiiweka chini nitaanguka. Akafikiri, akasema fimbo ibaki.

Jumatano, 5 Februari

Hatua ya kwanza: picha ya kinyonga kwenye simu.

Ninachotarajia: nitakufa.

Kilichotokea: sikufa. Simu iliingia kwenye ndoo ya maji. Ilijirusha yenyewe.

Noela ameianika juani, juu ya wavu, kando ya dagaa. Inafanya kazi. Inanuka Ziwa Nyasa.

Alhamisi, 6 Februari

Picha nimezimaliza. Nimezitazama mpaka zikanichosha, na hilo la kuchosha ndilo tunalotaka. Nimeagiza kinyonga mwenyewe.

Otilia analima Mpitimbi, na mbaazi zake zimejaa vinyonga msimu huu wa mvua. Amemleta ndani ya chungu kilichofunikwa kwa kitambaa, chungu kikining'inia kwenye mpini wa jembe, jembe begani, uso ukitazama upande mwingine. "Shikamoo Mwalimu, mgeni wako huyu hapa, na mimi sitaki kujua." Kisha akasimama pale pale akisubiri kujua. Nikasema ni utafiti. Akasema aa. Aliisema ile aa ya mtu ambaye kabla ya jua kuzama atakuwa amepita nyumba zote za mtaa.

Nimemweka kinyonga barazani ndani ya tenga la kuku. Nikakaa mwisho mwingine wa baraza.

Ninachotarajia: atatoka kwenye tenga, atavuka baraza, atanipanda.

Kilichotokea: aligeuza jicho moja kunitazama. La pili likabaki na panzi. Katika maisha yangu sijadharauliwa hivyo.

Jumamosi, 8 Februari

Maendeleo! Kiti kimesogea. Asubuhi nilikuwa kwenye nguzo ya mwisho ya baraza, adhuhuri nikawa kwenye mlango, alasiri goti langu likagusa tenga. Moyo ulipiga ngoma, kisha ukachoka kupiga. Nilimtazama mpaka nikaanza kuona vitu ambavyo nilivifundisha miaka yote bila kuviona. Vidole vyake vimefungamana kama glavu za mtoto. Kabla ya kukanyaga, anayumba mbele na nyuma, kama mtu anayeuliza: niende, nisiende?

Bibi alitusimulia sababu ya mwendo huo. Mungu alimtuma kinyonga aje kuwaambia watu kwamba hawatakufa. Akaweka mguu mmoja, akafikiri. Akasimama kula matunda. Nyuma yake akatumwa mjusi na habari nyingine, kwamba watu watakufa, naye mjusi hana simile, akafika kwanza. Tangu hapo hatumsamehi kinyonga. Tulipokuwa wadogo wenzangu walimtia tumbaku mdomoni, mimi nikitazama kwa mbali, kumwadhibu kwa kuchelewa.

Leo nilipomtazama akiyumba nilimwonea huruma. Habari njema kama ile, na miguu kama ile.

Jioni nilimgusa mkia kwa kidole. Kidole changu mwenyewe! Baridi, kavu, kama pochi ya zamani.

Nimepona.

Jumapili, 9 Februari

Sijapona.

Baada ya misa wanajumuiya walikuja kuniombea. Wengi mno. Viti vya jirani viliazimwa. Nilidhani ni mapenzi. Kisha mwenyekiti wa jumuiya akakohoa, akasema wamesikia maneno yanayosemwa mtaani na wangependa kuyasikia kwangu. Maneno gani? Kwamba Mwalimu amemfungia kinyonga nyumbani ili amlazimishe kutoa ile habari yake ya kwanza, kwamba Mwalimu hatakufa.

Otilia! Redio ina saa za kupumzika, Otilia hana.

Nikawaeleza juu ya ubongo. Nikaeleza korosho. Walitikisa vichwa kwa upole, kama tunavyomfanyia mgonjwa. Wakasali, wakaaga. Mzee mmoja alibaki nyuma, akaniinamia sikioni, akauliza kwa sauti ya chini kama kinyonga amekwisha kusema lolote.

Katika msongamano ule mtu alipiga teke tenga. Hatukujua. Wageni walipoondoka nilikaa sebuleni, nikainua macho. Alikuwa juu ya pazia. Mguu mmoja ameuinua. Anafikiri.

Barazani nilimgusa mkia! Yule yule! Lakini hii haikuwa baraza, hii ilikuwa sebule, na korosho yangu haikufundishwa sebuleni. Nilijikuta nimesimama juu ya kochi. Mimi niliyekatazwa ngazi.

Nikapiga kelele. Noela akaja mbio, akafuata kidole changu, naye akawa juu ya kiti. Nikamwona vizuri. Alipanda kwa mguu wa kushoto. Mkono wa kulia aliuweka kichwani, mdomo ameukunja pembeni. Nikajitazama. Mguu wa kushoto ulikuwa mbele. Mkono wangu ulikuwa kichwani.

Noela hajawahi kuumwa na kinyonga. Hajawahi kumgusa. Alikuwa na miaka minne tu, tukipita njia ya shambani, mimi nikimshika mkono, siku aliponiona nikiruka.

Otilia aliitwa. Alimrudisha tengani kwa mpini wa jembe, akitazama upande mwingine.

Jumatatu, 10 Februari

Lightness anasema ni kawaida. Somo la pili hushika mahali ulipojifunzia. Somo la kwanza halina mahali, linakwenda nawe popote. Inabidi kufanya mazoezi kila chumba. Tena hofu husambaa hadi kwa vitu vinavyofanana na kile cha kwanza. Nikamwambia hakuna kitu kinachofanana na kinyonga. Akasema, "Haya, Babu."

Hakuuliza habari za mama yake. Mimi ndiye niliyeanza. Nikasema nimemrithisha Noela hofu ambayo si yake. Lightness akasema hata yeye, bwenini, akiona kinyonga hupanda kitanda. Mguu wa kushoto.

Basi ni bibi, na mama bila shaka, na mimi, na Noela, na Lightness. Shamba la bibi liliuzwa, nyumba yake ilibomoka, jina lake hakuna anayelitaja. Kumbe tulibaki na urithi.

Jumatano, 12 Februari

Nimemwomba Noela msamaha. Nilijiandaa kwa maneno mazuri, nikayasahau yote, nikasema tu kwamba ile ya vinyonga ni mimi. Alikuwa anachambua mchele. Akasema anajua. Akasema, "Baba, siku hizi kinyonga si kitu."

Nikauliza kitu ni nini. Akaendelea kuchambua. Kisha akasema kila asubuhi, kabla hajawasha moto, husimama mlangoni pangu mpaka asikie nimekohoa. Nikikawia kukohoa, miguu yake inakufa ganzi. Nikikohoa, anakwenda kuwasha moto na kuimba. Nilikuwa nikisikia kuimba. Sikujua kunakotoka.

Nimelifikiria jambo hili mchana kutwa. Ubongo hujifunza utulivu pale unapotarajia baya nalo likakosa kuja. Kila asubuhi Noela anatarajia baya, nalo linakosa kuja, na bado hajifunzi utulivu. Kwa nini? Kwa sababu anajua kuna asubuhi moja litakuja. Hofu yake haikukosea. Imewahi tu, kama mjusi.

Kwa hofu ya namna hiyo sina somo la pili. Nimetafuta.

Nilimwambia tufanye mazoezi ya kinyonga pamoja, kwa vile hilo tunaliweza. Akakubali. Tulimpeleka jikoni, sebuleni, uani, chumbani kwangu. Noela alishika tenga upande mmoja, mimi upande mwingine, kama watu wanaohama. Kila chumba aliandika analotarajia. Jikoni aliandika: "Atatumbukia kwenye mboga." Hakutumbukia. Jioni alimweka kiganjani, akafumba macho, akafumbua. Akasema ni mwepesi. Alisema hivyo kwa mshangao, kama mtu aliyedanganywa bei kwa muda mrefu.

Ijumaa, 14 Februari

Ushindi! Ushindi! Ushindi!

Nilimwalika Saleh aje baada ya swala. Nikaketi barazani na koti la kahawia, koti lile lile la mahafali, na kinyonga juu ya mkono wa koti. Saleh akaja kwa njia yake ya mbali, na kanzu na kofia, akiwa na utani tayari mdomoni. Akafika kwenye ngazi. Akaona.

Nilimpandisha kinyonga begani. Nikanywa chai naye akiwa begani! Kikombe hakikutetemeka. Noela akaja, akamchukua begani mwangu kama anayechukua kitambaa, akaingia naye ndani.

Saleh hakucheka. Hakunitania. Alisema, "Hongera, Mwalimu." Mwalimu! Si Mngoni, si mtumwa wangu, si mtoto wa mpanda jukwaa. Akasema amekumbuka jambo nyumbani, akaondoka chai yake ikiwa haijaguswa.

Kwa karibu miaka arobaini nimetamani kumfunga mdomo Saleh. Leo nimeufunga. Niko tayari kuzikwa.

Jumapili, 16 Februari

Saleh hakuja jana. Hakuja leo. Ushindi ni mtamu, lakini hauna wa kuongea naye.

Jumatatu, 17 Februari

Noela ameleta habari kutoka kwenye duka lake dogo la hapa mtaani. Saleh alikwenda huko kununua sukari, akasimama muda mrefu bila kutaja kiasi. Mwishowe akasema, "Mwanangu, baba yako amenidhulumu." Noela akadhani ni mambo ya mpaka wa kiwanja. Hapana. Saleh akasema: "Siku ile nitasimama pale kaburini nifanye nini? Nilikuwa na kitu changu kimoja, ameniondolea. Unataka nisimame nilie, mbele ya Wangoni?"

Noela akamwambia kulia si vibaya. Saleh akasema akianza yeye hatajua pa kuishia, kwa sababu ana mengi aliyoyaweka.

Nimekaa na maneno hayo. Nimemkumbuka Biasha, mkewe. Siku tuliyomzika, Saleh alikuwa ameganda. Watu walimwita aje atie mchanga, hasogei. Mimi mtani nikajifunga khanga ya Biasha kichwani, nikashika kiuno, nikamfokea kwa sauti yake: "Saleh! Umeingia tena na viatu kwenye mkeka wangu?" Watu wakashika midomo. Saleh akanitazama. Akacheka, kicheko kikatoka kama kikohozi cha gari la zamani asubuhi, na nyuma ya kicheko miguu ikaondoka, akaja akatia mchanga.

Nilidhani nilikuwa nafanya mzaha.

Kumbe ratiba ile hakuiandaa kwa ajili ya kunidhalilisha. Aliiandaa ili miguu yake iweze kuondoka. Mimi nikaenda nikaiponya hofu aliyoitegemea! Mtu na elimu yake!

Jumanne, 18 Februari

Mpango mpya, na mzuri kuliko wote. Nitamrudishia Saleh hofu yangu. Kwa kuigiza, bila shaka. Nimemwomba Noela amwite kesho. Kinyonga atakuwa mezani. Nitashtuka kwa kiasi. Mruko mdogo, wa heshima, unaofaa mtu mwenye moyo uliotanuka. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Inaonekana kama ninapiga chafya.

Koti la kahawia nimemtumia Saleh kwa mkono wa Otilia, na ujumbe kwamba huenda akalihitaji.

Jumatano, 19 Februari

Saleh alikuja amelivaa. Limembana tumboni. Alisimama mlangoni kwangu na koti lile la mahafali, akaanza, kwa sauti yangu ya miaka hiyo, na kidole changu kikiwa juu: "Ndugu wananchi, mtu aliyesoma haogopi kiumbe asiye na sumu."

Nilikuwa bado sijaanza kuigiza.

Kinyonga aliinua mguu. Akafikiri. Nami nikaona jukwaa, matawi, mke wa mgeni rasmi na kofia yake. Chokaa yote ikatoka ukutani kwa mara moja! Sikumbuki kuruka. Nakumbuka kutua. Nilitua kwa Saleh, tukaanguka wote wawili juu ya kochi, kishikizo cha koti kikaruka hadi jikoni.

Alicheka mpaka akakwama. Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Kisha alikuwa analia, au bado anacheka, sikuweza kutofautisha, na alikuwa amenishika mabega asitake kuachia. "Mngoni wee," alisema. "Mngoni wee." Mabega yangu siku hizi ni mifupa. Alishika kwa uangalifu, kama anayeshika yai.

Nilipopata pumzi nikamwambia nilikuwa naigiza. Akasema Lizaboni nzima haijazaa mwigizaji wa namna hiyo. Nikasema moyo wangu ulijua ni maigizo. Akaweka kiganja kifuani pangu, akasikiliza, akasema, "Huu? Huu haukuambiwa kitu."

Tulikunywa chai. Safari hii yake aliimaliza. Otilia amemrudisha kinyonga Mpitimbi, kwenye mbaazi. Nimemsindikiza kwa macho. Kama ana habari yoyote, ana haki ya kuendelea kuchelewa nayo.

Alhamisi, 20 Februari

Leo nimekohoa mapema, kabla hajafika mlangoni. Nimekohoa kwa nguvu, kisha nikaongeza mara moja ya bure. Nimesikia moto ukiwashwa. Nimesikia wimbo. Hilo sitaliacha. Ni jambo dogo, nami nimekuwa mtu wa majaribio makubwa.

Nimempigia Lightness kumshukuru. Akauliza nimejifunza nini. Nikamwambia mengi: kwamba hofu si upumbavu, kwamba haifutwi, kwamba wakati mwingine ni kitu ambacho watu wanaokupenda hukishikilia ili wasianguke. Alinyamaza. Nadhani aliguswa. Basi nikamwambia na mpango wenyewe.

Nimegundua kwamba Saleh anamwogopa bata mzinga wa Otilia. Magoti na tambarare ni hadithi! Kwa hiyo siku ya mazishi, atakaposimama na koti langu, ameinua kidole changu, Otilia atamfungulia bata mzinga kutoka nyuma ya umati. Miguu yake itaondoka bila msaada wa mtu! Na mimi, kwa mara ya kwanza katika historia ya utani, nitakuwa marehemu aliyejibu.

Lightness akasema, "Babu, hujajifunza kitu."

Watoto wa siku hizi wana haraka ya kuhukumu. Otilia analeta bata kesho tumfanyie majaribio.

Ijumaa, 21 Februari

Bata ameletwa. Dume. Amewekwa sebuleni kwa sababu nje kuna mvua. Nilikwenda kumkagua kwa macho ya kitaalamu. Alikuwa amesimama katikati ya mkeka, mkubwa, mweusi. Akanitazama kwa jicho moja. Akainua mguu. Akafikiri.

Kisha kichwa chake kikabadilika rangi. Kilikuwa chekundu, kikawa cha bluu! Shingo ikawa nyeupe! Mbele ya macho yangu!

Ninaandika haya nikiwa juu ya kochi. Daftari liniwie radhi kwa mwandiko. Noela alikuja mbio kuniteremsha, akafuata kidole changu, na sasa yuko juu ya meza, mkono kichwani. Anacheka. Tangu daktari afute miwani sijamsikia akicheka hivi, na meza inatikisika.

Tumemwita Saleh aje atuokoe. Amekuja. Amemwona bata. Yuko nje ya dirisha, kwenye mvua, ameshika nondo kwa mikono yote miwili, na hathubutu kuingia. Lakini haondoki pia. Ninamsikia akimwambia Otilia kwamba kinyonga hahitajiki tena, ratiba imebadilika, na kwamba jeneza lichongwe pana kidogo, maana Mwalimu lazima apate nafasi ya kurukia.